Kisogo Si Kipima Presha

Katika mwili mzima hakuna mahali palipopewa cheo cha udaktari kama kisogo. Mtu akilalamika tumbo ataulizwa amekula nini. Akilalamika goti ataulizwa amejigonga wapi. Akishika kisogo haulizwi, anaambiwa. Jirani anajua, muuza duka la dawa anajua, abiria wa siti ya nyuma anajua: hiyo presha. Isipokuwa presha, basi ni pingili za shingo. Pingili zikiwa nzima, ni simu, ni mawazo, ni malaria iliyojificha, ni mkono wa mtu.

Baadhi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yanadumu. Kasoro yao ni moja: yanachukulia kwamba mahali panapouma panatosha kutaja ugonjwa. Hapatoshi. Kisogo kile kile kinaweza kuuma kwa misuli iliyokaza, kwa kipandauso, kwa mshipa wa fahamu uliochokozwa, kwa homa ya uti wa mgongo, hata kwa damu iliyovuja ndani ya fuvu. Kinachoyatofautisha maumivu hayo ni mwendo wake: yalianzaje, yanakaa muda gani, yanafuatana na nini, na yamempata mtu wa umri na hali gani. Tuyachukue madai yenyewe.

"Kisogo kikiuma, presha imepanda."

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na halikuzaliwa mtaani. Lilitoka kwa madaktari. Mwaka 1913 Mmarekani Theodore Janeway alichapisha uchunguzi wa wagonjwa wake wa shinikizo la damu, akaeleza kichwa kinachowauma wanapoamka asubuhi. Maelezo yale yakarithiwa kitabu kwa kitabu. Zama zile hazikuwa na dawa za maana za presha, na wengi waliofika kwa daktari walikuwa wamekwisha kuelemewa. Mtu wa leo mwenye 150 kwa 95 si mgonjwa wa Janeway.

Walipokuja kupimwa watu wa kawaida kwa maelfu, mambo yaligeuka. Huko Norway watu wazima 22,685 walipimwa presha, wakafuatiliwa kwa miaka 11, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Wale ambao namba yao ya juu ilifika 150 au zaidi walikuwa na uwezekano mdogo, kwa karibu asilimia 30, wa kuumwa kichwa kisicho cha kipandauso kuliko wale waliokuwa chini ya 140. Ndiyo, mdogo. Simwambii mtu akaitafute presha apone kichwa. Nasema tu kwamba kama presha ya kawaida ingekuwa ndiyo inayogonga visogo, hesabu ile isingetoka hivyo. Uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya kichwa hauitii presha hatiani mpaka ifike kwenye 180 kwa 120 au kuvuka, tena maumivu yapande na kushuka pamoja nayo.

Sasa tazama kinachotokea dukani. Mtu ana maumivu, hajalala, ametembea juani. Anakalishwa kwenye benchi na kufungwa mkanda hapo hapo. Inatoka 158 kwa 96. "Umeona!" Lakini maumivu yenyewe hupandisha presha, na hofu nayo hupandisha. Kipimo cha kuaminika kinataka mtu awe ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono uko usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla, kisha kirudiwe siku nyingine. Pale kwenye benchi inawezekana kabisa kichwa ndicho kilichopandisha presha. Na mtu huyo akiondoka na diklofenaki au ibuprofeni ya kutuliza kisogo, amebeba dawa ambazo zikimezwa mfululizo hupandisha presha, hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na huzidhuru figo.

Hata hivyo, hasara kubwa iko upande wa pili wa dai hili, ule usiosemwa kwa sauti: kisogo changu kimetulia, kwa hiyo presha yangu iko sawa. Presha kwa kawaida haina dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kuwa wanayo, na hawajui kwa sababu hakuna kinachowauma. Wapo walioandikiwa vidonge vya kila siku, wakavigeuza vya dharura: kisogo kikigonga wanameza, kikinyamaza wanaviweka kabatini mpaka kigonge tena. Amlodipini haifanyi kazi namna hiyo. Inahitaji kumezwa kila siku kwa takriban wiki nzima ndipo ifikie nguvu yake kamili, na ukiiacha inaondoka mwilini bila kukuaga. Mtu anayeongozwa na kisogo chake anaweza kukaa miaka na presha ya juu huku akiamini anatibiwa. Figo na mishipa ya ubongo vinaendelea kuumia, na hakuna maumivu ya kumshtua.

Kuna mahali naungana na majirani bila kusita. Presha ikiwa kweli imefika 180 kwa 120, na mtu anaona ukungu, anachanganyikiwa au kifua kinambana, apelekwe hospitali sasa hivi. Na mjamzito aliyevuka wiki 20, au aliyejifungua siku za karibuni, akipata kichwa kikali kisichotulia, vimulimuli machoni au maumivu ya juu ya tumbo, presha ya 140 kwa 90 tu inatosha kuwa dharura, maana huenda ni mlango wa kifafa cha mimba. Hapo asiambiwe apumzike kwanza.

Na yule anayeamka kila asubuhi kichwa kikiuma, kikaachia chenyewe baada ya saa chache, huku mwenzake akilalamika kwamba anakoroma na kukata pumzi usingizini? Huyo achunguzwe usingizi. Kukatika pumzi usiku huleta kichwa cha asubuhi na huchangia presha vilevile. Kichwa na presha hapo ni ndugu wa baba mmoja. Mmoja hakumzaa mwingine.

"Panapouma ndipo palipoharibika."

Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Ndiyo maana wapasuaji huweza kuufanyia kazi mgonjwa akiwa macho na anazungumza. Vinavyouma ni utando unaouzunguka, mishipa ya damu, misuli, viungo vya shingo na mishipa ya fahamu. Ngozi ya kisogo inahudumiwa hasa na mshipa wa fahamu unaochipuka kati ya pingili ya kwanza na ya pili ya shingo, ukapenya kwenye misuli na kupanda hadi karibu na utosi. Habari zake huingia kwenye uti wa mgongo na kukutana mahali pamoja na habari za mshipa wa fahamu wa uso. Zikishachanganyika hapo, ubongo hukosea anwani kwa urahisi. Kiungo cha shingo kilichochokozwa husikika nyuma ya jicho. Kipandauso, ambacho jina lake linatufanya tutazame mbele, mara nyingi huanza kwa shingo kukaza na kisogo kuuma, na wapo waliochuliwa shingo miaka nenda miaka rudi kwa ugonjwa usio wa shingo.

Ndiyo maana naona heri kuuliza tabia ya maumivu. Kipandauso hukaa kati ya saa 4 na 72 kisipotibiwa, huleta kichefuchefu, hukufanya uchukie mwanga na kelele, na ukipanda ngazi kinazidi. Kichwa cha mkazo, ambacho ndicho kinachowapata watu wengi zaidi, hubana pande zote mbili kama kimefungwa kitambaa, hakina kichefuchefu cha kutajika, na mtu huendelea na shughuli zake huku amekunja uso. Kinachotoka shingoni huelemea upande mmoja na huchokozwa na kugeuza shingo. Cha mshipa wa fahamu wa kisogo hakibani wala hakigongi: kinachoma ghafla, mfano wa shoti ya umeme, kwa sekunde au dakika chache, na mahali hapo hapataki kuguswa hata na kitana.

"Picha imeonyesha pingili za shingo zimesagika."

Picha haikudanganya, tafsiri ndiyo yenye walakini. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Scott Boden, walichapisha picha za MRI za shingo za watu 63 ambao hawakuwa wamewahi kulalamika shingo. Kati ya walio chini ya miaka 40, robo walikuwa na diski iliyochakaa au kupungua angalau sehemu moja. Waliovuka 40 walikaribia asilimia 60. Hawa ni watu wasioumwa kitu. Kusagika kidogo kwa pingili ni jambo la umri, na ukimpiga picha mtu wa miaka 55 mwenye kichwa cha mkazo una nafasi nzuri ya kuliona na kulibebesha lawama lisilostahili.

Neno "zimesagika" lina madhara yake pia. Mtu aliyeambiwa hivyo huacha kugeuza shingo, hununua kola ya kuvaa kutwa, huogopa kuinua ndoo, na misuli isiyotumika hudhoofu na kukaza zaidi. Picha ina kazi yake pale mkono unapokufa ganzi au kukosa nguvu, miguu inapokuwa mizito, mtu alipoanguka au kupata ajali, au maumivu yanapomzidi usiku huku anakonda. Nje ya hapo, pesa ile ingemfaa zaidi kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

"Ni hiyo simu yako."

Huenda ikachangia, lakini si kwa namna inavyosimuliwa. Ile hesabu maarufu kwamba shingo iliyoinama nyuzi 60 hubeba kilo 27 ilitoka mwaka 2014 kwa mpasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, na ni ya mfano wa kompyuta. Hakuna mtu aliyepimwa maumivu. Huko Rio de Janeiro vijana wa miaka 18 hadi 21 walichunguzwa wanavyoinamia simu, na matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha uhusiano kati ya mkao huo na maumivu ya shingo. Kinachochosha shingo ni kukaa muda mrefu katika mkao wowote bila kubadilisha. Fundi cherehani alilijua hilo kabla ya simu kuvumbuliwa, na mwalimu anayesahihisha mitihani analijua.

"Urembo una maumivu yake, vumilia."

Usivumilie. Mwaka 2004 daktari wa London, J. N. Blau, aliwauliza wanawake 93 wanaofunga nywele mkia wa farasi. 50 walisema mtindo huo huwaumiza kichwa, na wengi walijua dawa yake: kufungua. Kwa msuko uliovutwa kuanzia kisogoni, ulioongezewa nywele bandia nzito, sioni kwa nini iwe tofauti. Mtoto anayelia siku mbili baada ya kusukwa hadeki. Msusi alegeze mistari ya nyuma, na uzito wa rasta upunguzwe.

"Kinyozi akikuvunja shingo, inaachia."

Hapa sina mzaha. Zile dakika za mwisho kunyoa kukishakamilika, kichwa kikishikwa na kugeuzwa kwa ghafla mpaka kialike, zinapendwa sana. Mlio wenyewe si kitu. Ni gesi ndani ya kiungo. Kinachohofiwa ni mishipa miwili ya damu inayopita ndani ya matundu ya pingili za shingo kwenda sehemu ya nyuma ya ubongo. Msokoto wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa, damu ikaganda hapo, na donge likaleta kiharusi. Si jambo la kila siku, lakini linawapata hata vijana wazima. Hata kuegemeza shingo vibaya kunatosha: mwaka 1993 Michael Weintraub alieleza katika jarida la madaktari wa Marekani wanawake watano waliopatwa na dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele saluni shingo ikiwa imepindishwa nyuma kwenye sinki.

Ubaya ni kwamba dalili ya kwanza ya mshipa uliochanika ni maumivu mapya ya shingo na kisogo, na mtu hurudi kwa kinyozi yule yule avunjwe tena. Kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, kuyumba, uso kufa ganzi upande mmoja: mojawapo ya hayo likifuatana na maumivu hayo, nenda hospitali. Kinyozi akichua mabega kwa mafuta, mwache achue. Shingo yenyewe akiacha bila kuisokota, mpe bakshishi.

"Panadol haina madhara, kikianza meza."

Kwa kichwa cha mara moja moja, sawa: mtu mzima mwenye ini zima asivuke gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na asichanganye na dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamo ndani. Tatizo ni mazoea. Anayeumwa kichwa mara kwa mara akimeza parasetamo, aspirini au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe huanza kuzaa maumivu. Kwa vidonge vya mchanganyiko, hasa vyenye kafeini au kodini, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Kichwa huwa cha kila siku, huamka na mtu, hupoa kidogo kwa kidonge, hurudi kikidai kingine.

Aliyefika hapo akiacha atapata siku ngumu, kwa kawaida kati ya 2 na 10, kichwa kikizidi kabla ya kulegea. Wengi huvunjika moyo siku ya tatu na kuhitimisha kwamba bila kidonge hawawezi kuishi. Wangeambiwa mapema kwamba siku hizo zitakuja na zitapita, wangestahimili. Waliozoea dawa zenye kodini wasiache peke yao. Waachishwe taratibu na daktari.

"Hiyo ni malaria, au taifodi."

Malaria huumiza kichwa, ndiyo, lakini huja na homa na hupimwa kwa tone la damu. Bila homa, na kipimo kikiwa hasi, kuendelea kumeza dawa ya mseto ni kupoteza muda. Kipimo cha Widal kinachotumiwa sana kusema mtu ana taifodi hakiaminiki kikifanywa mara moja katika maeneo ambako watu wengi wamewahi kukutana na vijidudu hivyo. "Taifodi kidogo" ya miaka mitano ni hadithi ya karatasi za maabara.

Ninachohofia zaidi ni kile kinachofichwa na neno malaria. Homa, kisogo kinachouma na shingo iliyokakamaa kiasi kwamba kidevu hakigusi kifua, mtu akikimbia mwanga au akianza kuropoka, ni homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitishwe vingine, na saa zina thamani. Kuna nyingine inayokuja polepole: kichwa kinachozidi siku hadi siku kwa wiki kadhaa kwa mtu mwenye VVU aliyechelewa kuanza dawa au aliyeziacha. Hiyo yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, kriptokokasi, ambayo kipimo chake cha haraka cha damu kipo. Tiba yake imekuwa nyepesi kuliko zamani: kutokana na jaribio lililofanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, ikifuatwa na wiki mbili za vidonge, badala ya siku nyingi za dripu yenye sumu kwa figo.

"Hili si la hospitali. Kuna mkono wa mtu."

Sitabishana na imani ya mtu. Nitataja tu maumivu ambayo kuyapeleka kwingine kwanza kunaua. Kichwa kilicholipuka ghafla na kufikia kilele chake ndani ya dakika moja, ambacho mtu hajawahi kukisikia maishani, chaweza kuwa damu inayovuja juu ya ubongo. Kwa jinsi kilivyo cha ghafla, mtu akadondoka kisogo mkononi, ndicho kinachofanana zaidi na kitu kilichorushwa. Waombaji wanaweza kuomba ndani ya gari likielekea hospitali.

Mtoto anayeamka akiumwa kisogo, akitapika asubuhi na kuanza kuyumba anapotembea, naye achunguzwe ubongo bila kungojea. Vivyo hivyo mtu wa makamo ambaye kichwa kimemwanza baada ya kutimiza miaka 50, na yule ambaye kukohoa au kujikamua chooni kunamlipua kisogo.

"Ni la kuzoea tu, halina dawa."

Kati ya madai yote hili ndilo linalonikera, kwa sababu husemwa baada ya mtu kuzunguka yote yaliyotangulia. Kichwa cha mkazo na cha shingo hujibu mazoezi: kutembea kwa kasi mara kadhaa kwa wiki, mazoezi ya kuimarisha misuli ya shingo na mabega yanayofundishwa na mtaalamu, kitambaa cha maji moto jioni, saa za kulala zisizobadilika-badilika. Mshipa wa fahamu wa kisogo unaweza kuchomwa sindano ya ganzi pembeni yake. Ni kazi ya dakika chache, na nafuu ikipatikana huweza kudumu kwa wiki au miezi. Kipandauso kinachorudi mara nyingi kina dawa ya kukizuia, propranololi, ambayo ni ya bei nafuu. Mwenye pumu aseme mapema, kwani hubana njia za hewa.

Kwa kichwa cha karibu kila siku madaktari huandika amitriptilini kwa dozi ndogo, miligramu 10 hadi 25 usiku. Mgonjwa akifika nyumbani anasoma kikaratasi, anakuta imeandikwa ni dawa ya sonona, anahisi ameitwa mwendawazimu na anaitupa. Kwa dozi hiyo inatuliza njia za maumivu. Siku za mwanzo huleta usingizi na kukausha mdomo, na nafuu yake haionekani kabla ya wiki kadhaa, hivyo anayeandika dawa hii na akashindwa kutumia dakika mbili kuyaeleza hayo ameandika bure.